Mdiria Aliyerudisha Samaki

Zamani, ili farasi wa taa akimbie juu ya mbao za mji wetu wa Chandannagar, mtu alikata shaba, akaunguza vidole na kuhesabu mpaka kichwa kikauma. Siku hizi kijana asiyejua hata kukaza skrubu hubonyeza kitufe, farasi akakimbia, na hakuna anayeulizwa nani alimfundisha mbio.

Ninayetaka kumwandika ni Khagen Karmakar, na sikumpenda. Nalisema mapema asije mtu akadhani namlilia rafiki. Tulifanya kazi pamoja miaka thelathini na mmoja, yeye akitengeneza rola, mimi nikivuta nyaya, na sikumbuki wiki tuliyoimaliza bila kutukanana. Alikuwa mfupi, masikio makubwa, mbishi kama punda wa dobi. Alikunywa chai yangu kisha akasema maji yamezidi. Mkewe alipofariki nilikwenda kumpa pole, akaniuliza kwa nini sikuvua viatu mbali zaidi na mlango.

Lakini rola yake ilijulikana kando zote mbili za mto Hugli. Rola ni gogo la mti, urefu wa mkono, lililopigiliwa vipande vya shaba mfano wa ngazi inayozunguka. Juu yake hulala vidole vinane vya shaba. Kila kidole kina waya wake, na kila waya una fungu lake la balbu ndogo kwenye ubao. Gogo likizungushwa, kidole cha kwanza kinagusa shaba, farasi kainua mguu. Cha pili kinagusa, mguu uko hewani. Cha tatu, umetua. Khagen mwenyewe alikuwa akisema hakuna kinachokwenda pale. Ni picha nane zilizotulia tuli, zinapokezana kuwaka, na jicho lako pumbavu ndilo linalokimbia.

Kwa rola za namna hiyo tuliwasha sikukuu ya Mama Jagaddhatri, mungu wetu wa kike, mwaka baada ya mwaka, malori yakapita barabara ya mtoni na tausi, magari moshi na simba wa taa, na watu wakaja kutoka Kolkata wakaning'inia milangoni mwa treni. Kisha zikaja chipu. Kitu kidogo kama kucha, kinauzwa kama njugu, na ndani yake farasi keshakimbia tayari kiwandani China. Katika misimu minne karakana za mtaa wetu zikafungwa moja baada ya nyingine. Mafundi waliokuwa wakigombaniwa na kamati za mitaa wakawa wanauza bisi za mchele stesheni. Mmoja namjua alivunja rola zake akapikia.

Khagen hakuvunja wala hakuuza. Alichukua kibanda cha bati nyuma ya klabu ya mtaa, kilichokuwa kikiwekwa mianzi, akafagia kinyesi cha popo, akakusanya watoto wa shule ya msingi, wa miaka saba na minane, kila siku baada ya masomo. Hakutoza ada. Alisema anawafundisha kuzitembeza picha.

Nilikwenda kumcheka. Nilimkuta amesimama katikati ya watoto kumi na mmoja walioketi juu ya mikeka, mikono ameibana makwapani kama mtu aliyeshikwa na homa.

"Khagenda," nikamwambia, ndiyo kaka Khagen kwa kwetu, "unawafundisha vitoto kazi iliyokwisha kufa."

"Na wewe uliye hai, Nimai, tumepata faida gani?" akajibu bila kugeuka. Watoto wakacheka. Nikakaa chini kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikarudi kesho yake.

Hakuanza na umeme. Alianza na makaratasi ya maboksi ya viatu. Paka mwenye mdomo uliotobolewa ufa, na ukanda wa karatasi nyekundu nyuma yake: ukivuta huku, ulimi unatoka, ukisukuma, unarudi. Kisha kipepeo, mabawa mawili yaliyoshikwa na mwiba wa mtende badala ya msumari, na uzi ukivutwa chini mabawa yanapanda. Kisha mduara unaozunguka nyuma ya dirisha, jua linazama, mwezi unatoka. Kila mtoto aliambiwa aseme kwanza nini kitakwenda, kwa kuvutwa na nini, na kitazuiwa na nini kisipite kiasi. Asiyejibu hakupewa mkasi.

Na mikono yake haikutoka makwapani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya pekee na ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Mtoto angehangaika na fundo la uzi nusu saa nzima, kamasi zinamtoka, na Khagen amesimama pale kama nguzo ya taa.

"Babu, limekataa!"

"Limekukatalia wewe au umelikatalia wewe?"

"Nifungie."

"Mimi sina mikono. Niambie uzi umepita wapi."

"Umepita huku... halafu huku... Aa! Haujapita chini!"

"Mbona unanitazama mimi? Litazame fundo."

Nilimwuliza siku moja kwa nini anawatesa hivyo, ilhali kwa kidole kimoja angemaliza. Akanikaripia. Akasema mwalimu wake, mzee wa mtaa wa Bidyalanka ambaye sote tulimwogopa, alimnyang'anya kazi mkononi kila ilipokaribia kukamilika, miaka tisa, na kumpiga kofi juu yake. "Miaka tisa, Nimai, sikupata kuona kosa langu likifika mwisho. Alipokufa ilinibidi nianze upya kama kitoto." Kisha akasema chai niliyoleta ni maji matupu.

Katika wale watoto kulikuwa na msichana mmoja aliyeitwa Tepi, binti wa mama anayekaanga bajia za mbilingani mbele ya stesheni. Mwembamba, mkali, meno ya mbele hana. Alikuwa akininusa na kusema, "Babu Nimai, leo umekuja kumtukana babu au kujifunza?" Huyo ndiye aliyesema, baada ya msimu mmoja wa makaratasi, kwamba anataka ndege anayewaka. Siyo tausi. Mdiria, yule wa buluu anayekaa juu ya mti wa uvuvi kwenye bwawa la nyuma ya kwao. Atue, atumbukie, atoke na samaki, ammeze. Picha nane. Alikuwa amezihesabu bwawani.

Basi wakamtengeneza. Miezi mitatu. Ubao wa mianzi wenye urefu wa mtu, balbu mia mbili na kumi zilizovishwa karatasi za nailoni za rangi, na rola iliyochongwa kutoka kipande cha mchi. Umeme wa ukutani Khagen hakuutaka karibu na watoto. Walitumia betri ya pikipiki. Mimi niliwaonyesha namna ya kumenya waya, na kila nilipoinua mkono kusaidia, nilipigwa jicho. Siku ile Tepi alipozungusha mpini ndani ya kibanda na ndege akatumbukia, akatoka na samaki wa rangi ya fedha, watoto walipiga kelele mpaka mlinzi wa klabu akaja na fimbo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mtu mwingine ili nisionekane uso.

Aliyekuwa katibu wa kamati ya mtaa ni Laltu Ghorui. Kijana mnene wa pete tatu, aliyefungua duka la mbao za chipu mahali palipokuwa karakana ya baba yake, fundi mwenzetu, Mungu amrehemu kwa kutoyaona hayo. Laltu alikitaka kibanda aweke jenereta. Alimkuta Khagen kwenye meza ya chai, mbele yangu na ya watu wengine sita.

"Jethu," alimwita, ndiyo baba mkubwa, lakini kwa sauti ya kumwita mbuzi, "kibanda nakitaka baada ya sikukuu."

"Baba yako alilala mle mwaka wa mafuriko."

"Na akaamka, akaondoka. Wewe unangoja nini?"

"Nangoja akili zikurudie."

Watu wakacheka, na Laltu hakupenda kuchekwa. Akapandisha miguu ya suruali, akakaa. "Haya. Siyo mimi mtu mbaya. Siku ya maandamano nitawapa lori moja, lile dogo, nyuma ya lori letu. Huyo kuku wenu akifika ngazi za mtoni akiwaka, bila kuuaibisha mtaa, kibanda ni chako mpaka ufe."

"Mdiria," akasema Khagen.

"Kuku, mdiria, kwangu vyote vitoweo. Na asipofika?"

"Akizimika, weka jenereta zako."

Nilimwambia pale pale kwamba amechanganyikiwa. Kamanda wa maandamano alikuwa na amri inayojulikana na kila mtu mjini: lori linalozimika linatolewa mstarini, kwa sababu nyuma yake yako malori mia mbili na mto haungoji. "Nyamaza," Khagen akaniambia, "wewe hukuwahi kuweka dau hata la njugu."

Siku ya maandamano, sanamu za Mama zinapopelekwa kuzamishwa mtoni, Laltu alituletea lile lori saa kumi na moja na nusu jioni, wakati liliahidiwa saa nane. Alifanya makusudi; sitaki mtu aniambie hakufanya. Na sanduku la rola, lililokuwa mbele ya ubao ndani ya kibanda, kwenye lori halikupata nafasi mbele. Ikabidi liwekwe nyuma. Watoto wakafungua nyaya nane, wakahamisha sanduku, wakafunga nyaya nane upya, kutoka kushoto kwenda kulia, kama walivyozoea. Jua likazama. Hakuna aliyepata nafasi ya kujaribu. Tukaingia mstarini.

Fundi yeyote wa taa amelifanya kosa hilo mara moja maishani, kwa sababu barabarani kazi yetu hufanyika nyuma ya ubao na watazamaji wako mbele. Kushoto kwangu ni kulia kwao. Waya wa kwanza ulikuwa umefungwa mahali pa wa nane.

Tepi akazungusha mpini. Mimi nilikuwa chini, natembea kando ya lori na mfuko wangu wa zana, na niliona kabla ya yeyote. Mdiria alikaa juu ya mti na samaki mdomoni. Akashuka kinyumenyume, mkia mbele, akaingia majini. Akatoka mdomo mtupu, akarudi kinyumenyume juu ya mti wake, akatulia. Kisha tena samaki mdomoni. Tena akamrudisha mtoni.

Umati wa barabara ya mtoni ulichukua muda kuelewa, kisha kicheko kikaanza kwenye veranda moja na kikaja kutembea pamoja nasi.

"Tazameni! Mdiria wa Khagen ameingia utawa, samaki hali tena!"

"Mjane huyo! Mumewe kafa jana, samaki kwake mwiko!"

"Mwacheni, naye anazamisha sanamu yake!"

Nilipanda kwenye lori, nikazunguka nyuma ya ubao. Khagen alikuwa amesimama pale, mikono makwapani. Alikuwa ameona.

"Nyaya zimegeuka," nikamwambia. "Nipishe. Dakika moja."

"Usiguse."

"Khagenda, dakika moja! Skrubu kumi na sita, mbili kwa kila waya, kwa mkono wangu huu si kitu. Hawatagundua hata tumezima."

"Usiguse, Nimai."

"Basi mwache hivyo hivyo. Anawaka, si anawaka? Dau ni kufika akiwaka. Wacha wacheke, fika mtoni uchukue kibanda chako."

Najua maneno yangu yalimwingia, kwa sababu aliutazama mwisho wa barabara, zilipo ngazi za mtoni. Haikuwa mbali. Hatua mia sita, labda saba. Lori lilikwenda mwendo wa konokono, na mdiria wetu alirudisha samaki mmoja, na mwingine, na mwingine, na kwa mwendo ule angerudisha mto mzima lakini tungefika.

Tepi akaacha mpini. Alikuwa amechungulia mbele kuona wanacheka nini. Akarudi, na ubao ulikuwa umekwama kwenye picha moja, ndege kichwa chini.

"Babu, anarudi nyuma."

"Naona."

"Kwa nini anarudi nyuma?"

"Niambie wewe."

"Hii siyo saa ya masomo, mzee mwendawazimu!" nikapiga kelele.

Mtoto akaangalia vidole vya shaba. Akageuka akatazama ubao kwa nyuma. Akanyoosha mkono wa kushoto, akautazama, akanyoosha wa kulia. Watoto wengine walikuwa wamemzunguka. Kisha akajipiga paji la uso, jinsi mama yake anavyojipiga mafuta yakimrukia.

"Tumefunga kwa macho yetu," akasema. "Hatukufunga kwa macho yao."

Nitasema kweli hata kama inaniuma: sijawahi kuona uso kama aliokuwa nao Khagen wakati ule. Wala hakuwa akicheka. Akasema, "Kosa umeliona mwenyewe. Unataka kufanya nini?"

"Nirekebishe."

"Ukifungua nyaya tutazimika. Tukizimika tutatolewa mstarini. Kibanda kitakwenda. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na tukiacha hivi?"

Tepi akafikiri. "Atakuwa anatapika mpaka mtoni," akasema. "Mbele ya Mama Jagaddhatri."

"Mpe bisibisi," Khagen akaniambia.

Nilikataa. Naandika hapa kwamba nilikataa, nikamwita mpumbavu, muuaji wa kazi yake mwenyewe, nikamwambia mtoto ni wa miaka minane, na kibanda ni cha watoto kumi na mmoja na wale watakaokuja baadaye, na yeye anakitupa kwa sababu ya kofi alilopigwa utotoni. Akatoa mkono mmoja kwapani, mara ya kwanza na ya mwisho niliyopata kuona mbele ya watoto, akaingiza kwenye mfuko wangu, akachukua bisibisi, akampa Tepi. Kisha akaurudisha mkono mahali pake.

Tepi akachomoa waya wa betri, akafungua skrubu ya kwanza. Ubao ukazimika.

Ile dakika niliyoitaka mimi, kwa vidole vya Tepi ilikuwa kumi na mbili. Skrubu ya tano ilimwanguka, wakaitafuta kwenye sakafu ya lori kwa tochi. Nyuma yetu honi. Mbele Laltu alikuwa amesharuka kutoka lori lake lenye mbao za chipu, zenye maua mia yanayofunguka na kufunga bila mtu, akaja na kijana wa kamati mwenye kitambaa chekundu mkononi.

"Jethu! Mmezimika. Tokeni."

"Tunatoka," akasema Khagen.

"Hata hubishi?"

"Na wewe? Utakaa na jenereta ngapi mle? Sita? Mianzi ya kushoto imeoza, usiegemeze kitu upande huo."

Laltu akageuka kunitazama mimi kana kwamba nina maelezo. Nilimtemea mate karibu na viatu vyake. Nikamtemea na Khagen pia, moyoni.

Dereva akatuingiza uchochoroni, kando ya ghala la zamani la katani. Taa za maandamano ziliendelea kupita mwisho wa uchochoro, bluu, nyekundu, bluu, na ngoma. Tepi alikaza skrubu ya kumi na sita. Akaangalia kila waya mara mbili, akiutaja kwa sauti. Kisha akashika mpini.

Mdiria akatua juu ya mti. Akainama. Akatumbukia kichwa mbele, maji yakapasuka, akatoka na samaki, akapanda naye, akammeza. Waliomwona walikuwa mbwa wawili, mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akimwaga maji machafu mlangoni, dereva, na sisi. Yule mwanamke akaweka ndoo chini. Akasema, "Loo, kamla!" Watoto wakamzungushia tena na tena, mpaka taa zikawa nyekundu kama makaa kisha betri ikafa.

Baada ya siku tatu kibanda kilijaa jenereta. Khagen akawahamishia watoto kwenye veranda ya shule, mwalimu mkuu akawafukuza kwa sababu ya takataka za makaratasi. Akawahamishia chini ya mapaa ya hekalu dogo, kuhani akalalamika juu ya gundi. Kumi na mmoja wakawa saba, kisha wanne. Mimi sikwenda tena. Nilikuwa nimemwapia kwamba sitakwenda, na kwa jambo hilo tulikuwa sawa, mimi naye, hakuna aliyejua kuvunja neno lake.

Mwezi wa Falgun, baridi ilipokwisha, binti yangu akaja kunichukua nikaishi kwake, ng'ambo ya mto, Jagaddal. Tulipokuwa kwenye kivuko, vyombo vyangu miguuni, nikawaona. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za mtoni, upande ambao wanawake hufulia, kila mmoja na boksi lake la kiatu, watoto wawili tu: Tepi na kijana mmoja mdogo nisiyemjua. Khagen amesimama ngazi ya juu yao.

Nikasimama kwenye kivuko. "Khagenda!" nikapaza sauti. "Bado hujafa?"

Akainua kichwa, akanitafuta kati ya abiria. "Nakungoja utangulie!" akajibu, na wafuaji wakacheka.

"Nenda ukale!"

"Chai ya huko ni maji!"

Hakunipungia mkono, yote miwili ilikuwa imebanwa makwapani. Yule mdogo alikuwa anapigana na uzi, meno yameuma ulimi, na Tepi amekunja mikono yake kwapani vilevile, anamwuliza jambo ambalo kwa sababu ya injini sikulisikia. Khagen akainama kusikiliza jibu. Kivuko kikageuka, na mbele yangu ukawa ukuta wa ghala.